Nukta Iliyovuka Ikweta: Kulukulu wa Kakamega Kwenye Tambarare za Kano

Kwenye ramani ya atlasi ya mtandaoni inayokusanya kumbukumbu za mimea na wanyama wa magharibi mwa Kenya, nukta za kulukulu mkubwa wa buluu (Corythaeola cristata) zimejazana juu ya Msitu wa Kakamega. Nukta moja imekaa peke yake kusini, kwenye tambarare za Kano, si mbali na Ahero. Ukiibofya unaona tarehe, idadi ya ndege wawili, neno "ameonekana" na hali ya uhakiki: imekubaliwa. Picha hakuna.

Atlasi hii na faili lililoleta nukta hiyo vimeundwa kwa ajili ya uchambuzi huu. Mahali, vipimo, gridi na kanuni zinazotajwa ni za kweli, na kila kosa lililomo ni la aina inayojirudia katika hifadhidata za viumbe, hasa katika nchi zilizokatwa na Ikweta. Tumechagua nukta moja kwa sababu ukiifuata hadi ilikotoka unaona karibu kazi nzima ya atlasi: kupokea kumbukumbu, kuiweka mahali, kuihakiki, kuihesabu na kuirekebisha.

Ndege au mahali?

Kumbukumbu ikiwa ngeni, watu wengi hukimbilia kusema mwangalizi kakosea ndege. Hapa dhana hiyo haina nguvu. Kulukulu huyu ana urefu wa zaidi ya sentimita 70 na uzito wa karibu kilo moja, ana kishungi cheusi kilichosimama, na sauti yake hupenya msitu mzima. Hakuna ndege mwingine wa Kano anayeweza kuchanganywa naye.

Lakini mahali nako hakumfai. Anaishi juu kwenye vilele vya miti, anakula matunda na majani, na hukwea na kurukaruka kutoka tawi hadi tawi. Kuruka mbali si kazi yake. Kano ni mashamba ya mpunga na miwa, udongo mweusi wa mfinyanzi, na mafunjo kuelekea ziwani. Ndege aliyepotea anawezekana, kwa kuwa ndege hupotea. Hata hivyo, kabla ya kukubali kwamba ndege wawili wa msituni wamevuka zaidi ya kilomita 50 za mashamba, mhakiki ana swali la bei nafuu zaidi la kuuliza: je, namba za mahali ni sahihi?

Mpangilio huu wa maswali una uzito. Atlasi nyingi huweka chujio la maeneo yanayojulikana ya spishi, na kila kilicho nje hukataliwa au huzikwa kwenye foleni. Tunaona hilo ni kosa kubwa. Kazi mojawapo ya atlasi ni kuonyesha mabadiliko, na mabadiliko yote huanza kama nukta nje ya eneo lililozoeleka. Kunguru wa Bara Hindi (Corvus splendens) alipoingia Mombasa miaka ya 1940, kisha akaanza kusogea bara, kila hatua yake mpya ilikuwa nje ya eneo. Chujio la namna hiyo lingemfuta kila mara. Basi jaribu mahali kwanza, kwa ushahidi usiotegemea spishi, ndipo umrudie ndege.

Kilichokuwemo kwenye mstari

Dirisha dogo linalofunguka kwenye ramani huonyesha mambo manne au matano. Mstari wenyewe ndani ya hifadhidata huwa na safu thelathini au zaidi. Mstari wa kulukulu wetu ulikuwa na haya:

Latitudo −0.2350 (hasi maana yake kusini ya Ikweta), longitudo 34.8650, kosa linalokadiriwa mita 50, mwinuko mita 1,580, kaunti Kakamega, mahali "Isecheno, karibu na kituo cha misitu". Safu ya latitudo kama ilivyoandikwa awali ilikuwa tupu.

Jibu lilikuwa limelala humohumo. Isecheno, ndani ya Msitu wa Kakamega, iko kaskazini ya Ikweta, takriban dakika 14 (dakika 60 ni digrii moja). Ondoa alama ya hasi, namba zilezile zinaangukia karibu na kituo cha misitu. Iache, zinaangukia Kano. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ni digrii 0.47 za latitudo, na kwa kuwa digrii moja hapa ni kilomita 110.6 hivi, nukta imerushwa kilomita 52 kwenda kusini moja kwa moja.

Mwinuko unathibitisha bila kumuuliza mtu yeyote. Tambarare ya Kano upande huo iko juu kidogo tu ya Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Msitu wa Kakamega uko kati ya mita 1,500 na 1,700. GPS ya mwangalizi iliandika 1,580. GPS hukosea mwinuko, pengine kwa makumi ya mita, lakini haikosei kwa mita 400 asubuhi nzima.

Kwa hiyo tuna mashahidi watatu wasiotegemeana: jina la mahali, kaunti na mwinuko. Wote wanasema kaskazini. Namba peke yake ndiyo inayosema kusini, na ramani huamini namba peke yake.

Kwa nini king'ora hakikulia

Mifumo mikubwa ina majaribio ya kunasa kosa hili hasa. GBIF, mtandao wa kimataifa wa takwimu za bioanuwai ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye sekretarieti yake Copenhagen, hulinganisha nchi iliyotajwa na nchi ambayo namba zinaangukia. Zikitofautiana, mfumo hujaribu kugeuza alama ya latitudo, kugeuza ya longitudo, na kubadilishana nafasi za hizo mbili, uone kama mojawapo italeta nukta ndani ya nchi inayotajwa. Ikileta, kumbukumbu hupigwa muhuri kwamba yaelekea alama iligeuzwa.

Kwa Tanzania jaribio hili hufanya kazi vizuri, kwa sababu nchi nzima iko kusini ya Ikweta. Chukua kumbukumbu ya Amani, kwenye Usambara Mashariki, karibu digrii 5.1 kusini na 38.6 mashariki. Ikipoteza hasi inatua kusini mwa Ethiopia, na mfumo unajua papo hapo. Ukibadilishana latitudo na longitudo za Isecheno, nukta inaruka hadi kaskazini mwa Algeria. Hilo nalo halifichiki. Kumbukumbu zenye sufuri mbili huangukia baharini katika Ghuba ya Guinea, na siku hizi karibu kila atlasi huzikamata.

Kenya ni jambo jingine. Inaanza karibu digrii 5 kaskazini na kuishia karibu digrii 4.7 kusini, Ikweta ikipita katikati. Geuza alama ya karibu sehemu yoyote ya magharibi mwa nchi, bado uko Kenya. Nchi inalingana na muhuri haupigwi. Uganda ina tatizo hilo kwa sehemu yake ya kusini, na vivyo hivyo Gabon, Kongo zote mbili, Ecuador na Indonesia. Chombo kilichobuniwa kulinda dunia nzima kina upofu mahali hapa hasa, na atlasi ya kanda haina budi kujitengenezea chake.

Wataalamu wa mimea wasijione salama. Mradi wa Flora of Tropical East Africa, uliochapishwa kuanzia mwaka 1952 hadi 2012, uligawa Kenya katika sehemu za K1 hadi K7, na vielelezo vingi vya mimea hubeba alama hizo. Kakamega na Kisumu zote ziko K5. Ukilinganisha sehemu kwa sehemu, mti wa msitu wa Kakamega uliotua Kano utapita bila swali.

Jaribio linalofaa hapa ni la kaunti. Chukua nukta, uliza iko ndani ya mpaka wa kaunti ipi, linganisha na iliyoandikwa. Acha ukingo wa kilomita 2 kwa sababu mipaka kwenye faili za ramani hunyooshwa, na watu wanaoishi mpakani hutaja kaunti wanayoifahamu. Kisha linganisha mwinuko ulioandikwa na ule wa ramani ya mwinuko iliyopimwa kutoka angani, kama ile ya SRTM iliyopimwa kwa rada na yenye chembe za mita 30. Tofauti ikizidi mita 150, mstari usikataliwe. Uende kwa mtu. Kwenye kingo za Bonde la Ufa ongeza kipimo hicho, maana hatua chache pale zinashuka mita nyingi.

Hakuna mstari unaokosea peke yake

Kosa la hasi likipatikana kwenye mstari mmoja, tafuta ndugu zake. Faili lililoleta kulukulu lilikuwa na mistari 226: orodha nne za Kano zenye mistari 138, orodha mbili za Isecheno zenye mistari 83, na mistari 5 iliyoandikwa "Kakamega" bila maelezo mengine.

Orodha ya kwanza ya Isecheno, mistari 47, yote ilikuwa Kano. Humo alikuwemo keremkerem mwenye kichwa cha buluu (Merops muelleri) na yule ndege mdogo wa vilele vya miti, Eremomela turneri. Hawa hawakuwa wameshtua mtu kwa sababu ni wadogo na majina yao hayafahamiki sana. Ilimlazimu ndege wa sentimita 70 aonekane kwenye mpunga ndipo mtu aulize. Ndege wa kawaida wa orodha hiyo hiyo, wanaoishi msituni na mashambani vilevile, wasingeshtua mtu kamwe. Wangebaki Kano daima, wakiwa na sura ya ukweli. Hao ndio hatari zaidi ndani ya atlasi.

Orodha ya pili, mistari 36, haikuwa Kano. Ilikuwa na latitudo −0.141 na longitudo 34.519, yaani ukingo wa kaskazini wa Ghuba ya Winam, ya Ziwa Victoria. Mwenye haraka angeondoa hasi na kuendelea. Ukiondoa hasi nukta inatua kati ya Butere na Yala, eneo la mashamba, kaunti jirani au ukingoni mwake, hakuna kinachopiga kelele. Na bado ni kosa la kilomita 40.

Ilikuwaje? GPS ya mwangalizi ilikuwa imewekwa isome digrii na dakika: 0°14.1′ kaskazini, 34°51.9′ mashariki. Mtu aliyechapa orodha ya kwanza aligawa dakika kwa 60 na kupata 0.2350 na 34.8650, ambayo ni sawa. Aliyechapa ya pili aliondoa alama ya digrii, akasogeza nukta, akaandika 0.141 na 34.519. Latitudo ikashuka kilomita 10, longitudo ikasogea magharibi kilomita 38 na nusu.

Kosa hili lina alama yake, na inafaa kila mhakiki aijue. Dakika haziwezi kuzidi 59. Basi faili ambalo dakika zimeandikwa kana kwamba ni desimali halitakuwa na hata mstari mmoja ambao tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta ni 60 hadi 99. Katika faili la kweli la desimali lililotoka sehemu nyingi tofauti, takriban mistari 40 kati ya kila 100 ingekuwa huko. Chora mgawanyo wa tarakimu hizo mbili. Pengo kuanzia 60 likionekana, umeshamkamata. Kwa faili lenye mahali pawili au patatu jaribio hili halina nguvu, kwa hiyo lifanywe kwa kazi yote ya mchapaji mmoja kwa mwaka.

Hasi ilitoka wapi

Daftari la uwandani lilikuwa na herufi N na S. Jedwali la Excel lilikuwa na safu ya digrii, safu ya dakika na safu ya herufi. Orodha za Kano zilichapwa kwanza, na mchapaji aliandika kanuni hii:

=-(A2+B2/60)

Kwa Kano ni sahihi. Akashika kona ya kisanduku, akaivuta hadi chini, na Isecheno nayo ikapata hasi. Orodha ya pili, iliyokwisha chapwa kama 0.141, ilipita kwenye safu hiyohiyo. Baadaye safu za digrii, dakika na herufi zilifutwa ili faili "lisafike" kabla ya kutumwa. Hapo ndipo ushahidi ulipotea. Kanuni inayosoma herufi ni hii:

=IF(C2="S",-1,1)*(A2+B2/60)

Wapo wanaopendelea kuweka hasi kwenye digrii yenyewe, −4 na dakika 3 kwa Mombasa, halafu kanuni ichukue alama kutoka hapo. Kwa Mombasa inakubali. Kwa Kano haikubali, kwa sababu digrii za Kano ni sufuri, na jedwali halihifadhi sufuri hasi. Ukiandika −0 linakuandikia 0. Kutoka hapo mambo mawili hutokea kulingana na kanuni: ama hasi inapotea na Kano yote inahamia upande wa Kakamega, ama, kama kanuni inazidisha kwa SIGN ya digrii (1, −1 au 0 kulingana na alama yake), jibu linakuwa sufuri na kila kumbukumbu inajipanga juu ya mstari wa Ikweta wenyewe. Ukiona safu ya nukta iliyonyooka juu ya Ikweta kutoka Siaya hadi Nanyuki, usitafute maelezo ya kiekolojia.

Kuna pia hasi zinazopotea njiani kwa sababu mtu alitumia kistari kirefu cha maandishi badala ya alama ya kutoa. Jedwali huichukulia namba hiyo kama maneno, na programu ya kupokea huondoa herufi isiyoijua. Na kuna koma badala ya nukta. Haya hunaswa kwa kulazimisha safu iwe ya namba kabla ya kupokea faili.

Kilichoharibika kwenye miraba

Kama atlasi ingekuwa ya nukta tu, hasara ingeishia kwenye sura ya ramani. Lakini atlasi za ndege siku hizi huhesabu. Kenya Bird Map, iliyoanza mwaka 2013 kwa kufuata utaratibu wa atlasi ya pili ya ndege wa kusini mwa Afrika, hugawa nchi katika miraba ya dakika 5 kwa dakika 5. Kila mmoja hapa Ikweta una upande wa kilomita 9.2 hivi na eneo la kilomita za mraba 85, nao hufika takriban 6,800 kwa nchi nzima. Atlasi ya ndege wa Kenya iliyochapishwa mwaka 1989 ilitumia miraba ya dakika 30, na mmoja wa hiyo hubeba 36 ya sasa. Maana yake, kosa la kilomita 10 ambalo zamani lingeweza kubaki ndani ya mraba uleule, leo linavuka mmoja au miwili.

Orodha kamili katika utaratibu huo inataka angalau saa 2 za kuangalia kwa bidii, ukijaribu kufikia kila aina ya mazingira ndani ya mraba, na spishi zikiandikwa kwa mpangilio wa kuonekana. Orodha inaweza kuendelea kukua hadi siku 5. Chini ya saa 2 ni orodha ya papo kwa papo na haiingii kwenye hesabu ile kuu, ambayo ni idadi ya orodha zenye spishi fulani ikigawanywa kwa orodha zote kamili za mraba huo.

Tuseme mraba wa Kano ulioangukiwa, dakika 10 hadi 15 kusini na dakika 50 hadi 55 mashariki ya digrii 34, ulikuwa na orodha kamili 7. Orodha ya Isecheno imeingia ikawa ya 8. Kulukulu sasa ana asilimia 12.5 mahali ambapo hayupo. Hilo linaonekana. Lisiloonekana ni yangeyange, ambaye alikuwa kwenye orodha zote 7, asilimia 100, na sasa amekuwa 7 kati ya 8, asilimia 87.5. Hakuna yangeyange aliyepungua. Kila ndege wa kawaida wa Kano ambaye hakuandikwa Isecheno siku ile ameteremka vilevile, na mtu anayechora mwelekeo wa miaka mitano ataona mteremko, aanze kuufafanua kwa dawa za mashambani au ukame.

Upande wa Kakamega hasara ni ndogo. Mraba wenye orodha 15, kulukulu akiwa katika 12, una asilimia 80. Ukirudishiwa orodha yake unakuwa 13 kati ya 16, asilimia 81.25. Orodha ya uongo huumiza zaidi pale penye orodha chache, na sehemu kubwa ya nchi iko hivyo. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba rangi ya mraba isionyeshwe bila idadi ya orodha zake, na mraba usiofikiwa na mtu usifanane na mraba uliotembelewa na ndege akakosekana.

Simu yenye programu ya kurekodi, kama BirdLasser inayotumiwa na atlasi hizi, huondoa sehemu kubwa ya hatari hii kwa kuwa inachukua namba moja kwa moja kutoka satelaiti na kuutambua mraba yenyewe. Makosa ya hasi yanatoka kwenye madaftari, vielelezo vya makumbusho na majedwali yanayochapwa kwa mkono. Lakini hizo ndizo kumbukumbu za miaka iliyopita, zisizoweza kurudiwa, na atlasi isiyozitaka haina cha kulinganisha na leo.

Kurekebisha bila kufuta

Hatua ya kwanza si kubadilisha namba. Ni kumwandikia mwenye takwimu, ukimpa namba za mistari, namba za mahali zilizopo na unazopendekeza, na sababu. Atlasi nyingi huvuna upya, yaani hupakua tena takwimu kutoka kwa watoaji, kila baada ya muda. Ukirekebisha kwako peke yako, mavuno yajayo yatarudisha kosa lilelile juu ya kazi yako. Wakati unasubiri jibu, mistari 83 iwekwe alama ya kusimamishwa: ibaki kwenye hifadhidata, isichorwe wala isihesabiwe.

Mwenye takwimu akithibitisha kutoka kwenye daftari, marekebisho yaingizwe hivi. Kitambulisho cha kumbukumbu kibaki kilekile, maana kuna tafiti zilizokwisha kukitaja. Latitudo na longitudo mpya ziingie kwenye safu za desimali. Kwenye safu ya verbatimCoordinates (namba za mahali kama zilivyoandikwa awali) iandikwe 0°14.1′N 34°51.9′E kama ilivyo daftarini, na namba mbovu zihifadhiwe kwenye maelezo ya marekebisho pamoja na tarehe na sababu. Mfumo wa marejeo, yaani msingi ambao digrii zinapimwa kwake, uandikwe wazi kuwa ni WGS84, kama GPS ilikuwa imewekwa hivyo.

Hilo la mwisho hupuuzwa mno. Ramani za zamani za Kenya za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na tofauti yake na WGS84 hapa ni takriban mita 300. Kwa mraba wa kilomita 9 ni kitu kidogo, ila kwa nukta iliyo ukingoni mwa mraba au ukingoni mwa msitu inabadilisha jibu.

Kosa linalokadiriwa nalo lipitiwe. Mita 50 ni sawa kwa mtu aliyesimama mahali pamoja, lakini orodha ya saa 2 hukusanywa kwa kutembea; kilomita 1 ni ukweli zaidi. Usiache tarakimu zidanganye: namba yenye desimali nne inaonyesha usahihi wa mita kumi hivi, hata kama aliyeiandika alikuwa na njia ya kilomita tatu.

Baadaye tafuta nakala. Orodha ileile inaweza kuwa imeingia kwa njia mbili, kupitia mwangalizi na kupitia taasisi yake, kila moja na kitambulisho chake. Kwa ndege, linganisha tarehe, mwangalizi na mpangilio wa spishi. Kwa mimea, jina la mkusanyaji na namba yake ya ukusanyaji ndiyo funguo, kwa sababu sampuli za mmea mmoja hugawanywa kwa hebaria (hifadhi za mimea iliyokaushwa) kadhaa, mathalani Nairobi na Kew, Uingereza, na kila hebaria huweza kuipa namba za mahali kivyake. Sampuli mbili za mmea mmoja zikiwa pande mbili za Ikweta, moja imekosea.

Mwisho, hesabu upya miraba minne, si miwili: wa Kano, wa ukingo wa Winam, wa Isecheno, na ule kati ya Butere na Yala iwapo mtu aliwahi kufanya nusu ya marekebisho. Baada ya mavuno yanayofuata, fungua tena mstari wa kulukulu uone namba zilizomo. Hatua hii huchukua dakika moja na ndiyo inayorukwa zaidi.

Mistari mitano

Ilibaki mistari 5 iliyoandikwa "Kakamega" tu, nayo ilikuwa imepewa namba za Isecheno kwa kuvutwa kutoka mstari wa juu. Mmoja wao ni Merops muelleri. Kishawishi ni kikubwa: ndege huyu ni wa msituni, basi awekwe msituni. Tunakataa. Ukimweka ndege mahali kwa sababu unajua anapenda wapi, kisha ramani ikatumika kuonyesha anapenda wapi, hujaongeza maarifa yoyote. Umerudisha dhana yako kwenye karatasi kwa sura ya ushahidi. Mahali pasomwe kutoka kwenye jina la mahali, tarehe, njia ya safari na daftari.

"Kakamega" inaweza kuwa mji, msitu au kaunti. Mwangalizi akiulizwa na kukumbuka njia yake siku ile, vema. Asipokumbuka, chukua maana pana zaidi, yaani kaunti nzima: nukta ya katikati yake na nusu kipenyo kinachoifunika yote, makumi ya kilomita. Eneo hilo halitoshi ndani ya mraba wa dakika 5, na kwa kuwa kaunti inavuka mistari ya digrii 0.5 kaskazini na digrii 34.5 mashariki, halitoshi hata ndani ya mraba mmoja wa dakika 30.

Hali hiyo hutokea pia kwa kumbukumbu zilizofichwa kwa makusudi. iNaturalist, kwa mfano, huficha mahali pa spishi zinazowindwa au kuchimbwa kwa kuhamishia nukta popote ndani ya kisanduku cha digrii 0.2 kwa 0.2, karibu kilomita 22 kila upande. Nukta hiyo ikichukuliwa na kuwekwa kwenye mraba wa kilomita 9, uwezekano wa kuwa sahihi ni mdogo, na msomaji hana njia ya kujua.

Kwa hiyo mistari mitano inabaki katika orodha ya spishi za kaunti, na tarehe zake na jina la aliyeona, ikitafutika na kupakulika kama mingine. Haichorwi kwenye gridi wala kuingia kwenye hesabu ya mraba wowote. Safu ya maelezo yake inasema: namba za awali zimeondolewa kwa kuwa zilinakiliwa kutoka mstari mwingine, mahali panajulikana kwa kiwango cha kaunti, daftari la asili likipatikana, lisomwe upya.